Subjuntivo ya Kihispania kwa anayesema Kiswahili: maswali ninayoulizwa kila mara

Nafundisha Kihispania waongoza watalii, wengi wao wa Arusha na Moshi, na mimi mwenyewe nimepandisha wageni mlimani miaka kadhaa kabla ya kushika chaki. Maswali haya huja kila kundi jipya, karibu kwa maneno yaleyale. Nimejibu kwa mifano ya kazi yetu, kwa kuwa ndiko nilikoyaona makosa yakitokea.

Subjuntivo ni kitu gani hasa?

Ni ile -e unayoitumia kila siku bila kuifikiria. Ukisema "Juma anazungumza", unatoa habari. Ukisema "nataka Juma azungumze", hakuna habari tena hapo. Kuzungumza hakujatokea, na huenda kusitokee kabisa. Ni takwa lako tu. Kiswahili kimeondoa -na- ya wakati na kugeuza -a ya mwisho kuwa -e.

Sasa tazama Kihispania. "Juan habla" ni Juan anazungumza. "Quiero que Juan hable" ni nataka Juan azungumze. Habla imekuwa hable, -a imekuwa -e. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote, kwa hiyo kufanana huku ni sadfa, lakini ni sadfa ya kuchumia. Vitabu vingi vya Kihispania viliandikwa kwa ajili ya watu ambao lugha zao karibu zimeisahau hali hii, ndiyo maana sura ya subjuntivo huanza kwa kukutisha. Wewe usitishike. Unaijua tangu ulipoambiwa "njoo ule".

Viishio vyake ni vipi?

Chukua kitenzi katika nafsi ya kwanza ya wakati uliopo: hablo (nazungumza), como (nakula), vivo (naishi). Toa -o. Kisha vitenzi vya -ar (yaani ambavyo umbo lake la "ku-" huishia hivyo, kama hablar, kuzungumza) vipe e, na vya -er na -ir vipe a. Ni kama vimebadilishana viatu.

Hablar: hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen.
Comer: coma, comas, coma, comamos, comáis, coman.
Vivir: viva, vivas, viva, vivamos, viváis, vivan.

Mpangilio ni mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Usted na ustedes, yaani "wewe" na "ninyi" za heshima, huchukua umbo la yeye na wao.

Hapa pana mtego wa Mswahili, na sijaona kitabu kinachoutaja. Kwa kuwa sikio letu limezoea kwamba -e ndiyo alama ya kutaka, mwanafunzi husema "quiero que usted come" na anajisikia yuko sawa kabisa. Kumbe come ndiyo "anakula" ya kawaida! Anayosikia mgeni ni kitu kama "nataka wewe anakula". Kwa vitenzi vya -er na -ir itabidi ukubali kwamba kutaka kunavaa -a: quiero que usted coma. Inachukua wiki mbili tatu kuzoeleka.

Mbona "mimi" na "yeye" zina umbo moja?

Ndivyo zilivyo. Sisi tuna niseme na aseme, wao wana hable kwa zote mbili. Ikileta utata, taja nafsi: que yo hable, que ella hable.

Habléis, comáis, viváis: ni lazima?

Kuzisikia, ndiyo. Kuzisema, si lazima. Hiyo ni nafsi ya vosotros, "ninyi" ya watu mliozoeana, na inaishi zaidi Hispania. Mgeni wa Mexico, Kolombia au Peru hutumia ustedes kwa kila mtu, rafiki au bosi, kwa hiyo atasema hablen. Ukitumia ustedes kwa Wahispania hawatakasirika. Utaonekana mwenye adabu kidogo kuliko inavyohitajika, na katika kazi yetu hilo si kosa.

Kwa nini unasema tuanze na amri?

Kwa sababu ndizo zinazokulisha, na ndiko Kiswahili na Kihispania vinakokaribiana kuliko kwingine kote.

Sisi tunasema "shuka!" lakini tukikataza hatusemi "sishuka". Tunahamia -e: "usishuke". Wahispania vilevile. Kwa mtu mnayeitana tú ("wewe" ya mliozoeana), amri ni baja, na katazo ni no bajes. Bebe ni kunywa, no bebas ni usinywe. Habla, no hables. Katazo daima ni subjuntivo.

Kwa usted na ustedes, hata amri ya kukubali ni subjuntivo. Nasi tunafanya hivyo tukitaka kulainisha kauli: badala ya "shukeni!" ya kufokea, unasema "mshuke taratibu". Kwa wageni walio garini utahitaji hizi:

Suban, por favor (mpande, tafadhali). No bajen del carro (msishuke garini). No griten (msipige kelele). Tomen fotos desde aquí (mpige picha kutokea hapa). Na mlimani: caminen despacio (mtembee polepole), beban mucha agua (mnywe maji mengi), descansen un poco (mpumzike kidogo).

Carro ni neno la nchi nyingi za Amerika ya Kilatini. Mhispania huita coche. Yote mawili yanaeleweka, hasa simba akiwa mita tano kutoka mlangoni.

Amri ya "sisi" nayo ni hiyohiyo: comamos ni tule, subamos ni tupande, descansemos ni tupumzike. Hapo huhitaji hata maelezo.

Ukiacha amri, nitajuaje wakati wa kuitumia?

Jaribu hivi kwanza: sema sentensi yako kwa Kiswahili. Ikiwa kitenzi cha pili kimekuja na -e bila alama ya wakati, Kihispania kwa sehemu kubwa kitataka subjuntivo.

Necesito que ustedes caminen juntos: nahitaji mtembee pamoja. Es importante que usted beba agua: ni muhimu unywe maji. Es mejor que subamos despacio: ni afadhali tupande polepole. Subimos despacio para que nadie se enferme: tunapanda polepole ili asiugue mtu. Para que ni "ili" yetu, na haiachani kamwe na subjuntivo. Esperen aquí hasta que yo llegue: ngojeni hapa mpaka nifike. (Hasta ilitoka kwenye hatta ya Kiarabu, na "hata" yetu ilitoka hukohuko, katika Kiswahili cha zamani "hata" ilikuwa ikimaanisha "mpaka". Wanafunzi wangu hupenda sana kugundua hilo, kisha wanasahau kiishio.)

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kitenzi decir, kusema. "Dice que caminan" ni anasema wanatembea. "Dice que caminen" ni anasema watembee. Herufi moja tu imegeuka, na habari imekuwa agizo, sawasawa na kwetu.

Angalia pia nani anatenda. Mtu akiwa mmoja, usitumie que wala subjuntivo. Kitenzi hubaki bila kunyambuliwa: quiero comer, nataka kula. Watu wakiwa wawili ndipo que huingia: quiero que comas, nataka ule. Kiswahili kinakuruhusu kusema "nataka nile". Kihispania hakiruhusu "quiero que yo coma".

Na vile vitenzi vyetu visivyogeuka, kama rudi na jibu?

Swali zuri, na huulizwa na wale wanaoisikiliza lugha yao. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu, kama rudi, jibu, fikiri, samehe, havichukui -e. "Nataka arudi" tunaijua kwa kukosekana kwa -na- au -ta-. Kihispania hakina kundi la namna hiyo. Kila kitenzi hubadilika, kwa hiyo usitafsiri kwa kuangalia herufi ya mwisho ya neno la Kiswahili. Angalia kama alama ya wakati ipo au haipo.

Ni wapi Kiswahili kitaniangusha?

Mahali kama sita, na ndipo pa kukazana, maana kwingine kote unatembea kwenye njia unayoijua.

La kwanza ni kutumaini. Sisi tunasema "natumaini mtapumzika vizuri", kwa -ta-. Wao husema espero que descansen bien. Ukiona esperar que, sahau -ta- yako.

La pili ni furaha, huzuni, mshangao. "Nafurahi kwamba mnatembelea Tanzania" kwetu ni habari tupu: mnatembelea, mko hapa, nawaona. Kihispania kinasema me alegra que ustedes visiten Tanzania. Mwanafunzi hulalamika: lakini jambo lenyewe ni la kweli, liko mbele ya macho! Ndiyo, ni la kweli. Ila sentensi haikutungwa ili kutangaza kwamba wapo, wanajua wapo. Imetungwa kutangaza furaha yangu, na kuwapo kwao kumetajwa tu kama sababu yake. Kihispania huipa -que ya namna hiyo subjuntivo. Ukielewa hapa, umeelewa nusu ya somo.

La tatu ni shaka. "Nadhani mpishi anazungumza Kihispania" ni creo que el cocinero habla español, kawaida kabisa. Ikanushe: "sidhani kama mpishi anazungumza Kihispania". Kwetu anazungumza imebaki palepale. Kwao imehama: no creo que el cocinero hable español. Creo huthibitisha, no creo haithibitishi.

La nne ni mtu anayetafutwa. "Nina mwongozaji anayezungumza Kihispania" na "natafuta mwongozaji anayezungumza Kihispania" zina anayezungumza ileile. Kihispania huuliza: mtu huyo yupo, au bado ni wa kufikirika? Tengo un guía que habla español, kwa sababu yupo na ana jina. Busco un guía que hable español, kwa sababu sijampata. Ukisoma tangazo la kazi lenye hable, jua nafasi bado iko wazi.

La tano nililijua kwa aibu. "Kabla" yetu hupenda kanusho: kabla magari mengine hayajafika. Asubuhi moja nikiwa na familia ya Wahispania nilitaka tuwahi kwenye bwawa la viboko, nikatangaza kwa sauti ya kujiamini: "Vamos antes de que no lleguen los otros carros." Baba wa familia akanitazama, akamtazama mkewe, akauliza taratibu: "Pero... ¿llegan o no llegan?" Yaani: yanafika au hayafiki? Niliichukua ile haya- ya hayajafika nikaipandikiza kama no. Sahihi ni antes de que lleguen los otros carros, bila no yoyote. Antes de que hutaka subjuntivo siku zote. Na kama mtendaji ni mmoja, antes de comer, kabla ya kula, inatosha.

La sita ni wakati uliopita. "Nataka tutembee" na "nilitaka tutembee": tutembee haikushtuka. Kihispania kitasema quiero que caminemos, lakini quería que camináramos. Hilo umbo la pili ni subjuntivo ya wakati uliopita, na lina somo lake. Kwa sasa kumbuka tu kwamba kitenzi cha kwanza kikirudi nyuma, cha pili humfuata.

Cuando, "wakati", inachukua subjuntivo au haichukui?

Inachukua kama jambo bado halijafika. Mswahili ana njia ya mkato hapa. Kama kwa Kiswahili ungesema "tukifika" au "tutakapofika", tumia subjuntivo: cuando lleguemos a la cumbre, descansaremos, tukifika kileleni tutapumzika. Kama ungesema "tunapofika huwa", tumia umbo la kawaida: cuando llegamos al campamento, siempre tomamos té, tunapofika kambini huwa tunakunywa chai. "Tulipofika" pia ni ya kawaida, lakini kwa wakati uliopita. Usiweke wakati ujao baada ya cuando ya namna hii. "Cuando llegaremos" ni kosa, hata kama "tutakapofika" inakuvuta huko.

Ojalá ni inshallah?

Ni ndugu, ila si pacha. Waislamu walitawala sehemu za rasi ya Iberia kuanzia mwaka 711, na utawala wa mwisho, wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Kiarabu cha huko kiliacha maneno mengi, na moja ni ojalá, kutoka law sha Allah, "kama Mungu akitaka". Yetu ilitoka in sha Allah. Leo ojalá husemwa na Mkatoliki, na asiye na dini, na yeyote, bila kufikiria asili yake.

Tofauti iko kwenye kitenzi. Sisi husema "tutafika mapema, inshallah", ahadi na kinga yake. Ojalá si ahadi, ni tamaa tupu, kwa hiyo ni subjuntivo tu: ojalá lleguemos temprano. Na haihitaji kitenzi kingine cha kuianzisha, yenyewe inatosha. Ukisikia ojalá hablara, hapo mtu yuko kwenye "laiti ningezungumza", jambo analoona haliwezekani au liko mbali.

Kwa nini buscar inakuwa busque? Si uliniambia ni ya kawaida?

Ni ya kawaida kwa sikio. Tatizo ni kalamu. Sisi tuna bahati: g ni g popote ilipo, piga ikawa apige na hakuna aliyeumia. Kihispania, c na g zikikutana na e hubadilika sauti. Pagar (kulipa) ukiandika "page", Mhispania atasoma g kama kh ya "Khamis". Ili kuilinda sauti wanaongeza u: pague. Vivyo hivyo llegar, llegue. Sauti ya k huandikwa qu: buscar, busque, tocar, toque, sacar, saque. Z hugeuka c: cruzar, cruce. Upande wa pili, proteger huwa proteja na dirigir huwa dirija. Sema kwanza kwa mdomo, kisha jiulize sauti hiyo inaandikwaje.

Coger (kuchukua, kushika) nayo huwa coja, ila sikushauri. Hispania ni neno la kawaida kabisa. Mexico na Argentina ni tusi la chumbani. Tumia tomar.

Alama ya mkazo ina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko unavyodhani. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo HA-ble, PA-gue hututoka zenyewe. Shida ni kwamba hablé na pagué, zenye mkazo mwishoni, ni maneno mengine: nilizungumza, nililipa. Mgeni mapokezi akisema "ya pagué", ameshalipa. Ukimjibu "pague", umemwambia alipe. Nimeshuhudia mazungumzo hayo yakizunguka mara tatu, kila mmoja akitabasamu na kila mmoja akizidi kuudhika.

Na vile visivyo vya kawaida?

Kwa leo, vitambue tu. Sita havifuati nafsi ya kwanza: ser, estar, haber, ir, saber, dar, ambavyo huwa sea, esté, haya, vaya, sepa, dé. Vingi vinavyobaki vinafuata kanuni uliyokwisha jifunza: tengo, toa -o, tenga, salgo, salga. Ndiyo maana nilisisitiza kuanzia nafsi ya kwanza.

Hata kelele za "¡Viva!" ni subjuntivo?

Ni subjuntivo ya vivir, kabisa. "¡Viva México!" wanayoipiga usiku wa tarehe 15 Septemba ni "Mexico iishi". Wakiwa wengi ni vivan: ¡vivan los novios!, waishi maharusi. Waliokua Tanzania enzi za chama kimoja wanakumbuka "Zidumu fikra za Mwenyekiti". Ni kitu kilekile, isipokuwa dumu ni la Kiarabu, halikugeuka mwishoni.

Safari moja tuliteremka hadi lango la Mweka na Wamexico saba, miguu imekwisha, vumbi hadi kwenye kope. Wapagazi walipomaliza kuimba, mama mmoja alipanda juu ya jiwe akapaza sauti: "¡Que vivan los porteadores!" Wapagazi wakanigeukia kuuliza wametukanwa au vipi. Nikawaambia anasema mdumu. Mmoja akajibu kwa sauti: "Naye adumu!"